Vikombe Vinane vya Asali

Juzi mwanangu alifungua galoni la asali lililokuja na basi la Tabora, akachovya kidole, akaniuliza: "Mama, hii ni ya gome au ya sanduku?" Nikakosa la kumjibu. Swali hilohilo nilimuuliza Babu kule Sikonge, mwaka ule wa utafiti wangu.

Babu alifuga nyuki kwenye mizinga ya magome ya miti. Mabwana nyuki walikuwa wakihimiza mizinga ya masanduku, maana mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Kuhusu miti Babu hakubishana nao. Alisema tu kwamba ladha si moja, na yeye akionja anajua. Mimi nilikuwa nimetoka darasani na jaribio la mwanatakwimu Ronald Fisher kichwani: miaka ya 1920, pale Rothamsted, Uingereza, Muriel Bristol alidai anatambua kama kikombe kimetangulia kutiwa maziwa au chai, akaandaliwa vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile.

Nikaamua kumpima Babu vivyo hivyo, vikombe vinne vya gome na vinne vya sanduku. Asali zetu zilirinwa wiki moja, msitu mmoja, zikachujwa kwa kitambaa kimoja. Nikakunja vikaratasi 8 ndani ya kofia ya Babu, mdogo wangu akavichomoa jikoni na kumimina kwa mpangilio uliotoka.

Chini ya mwembe, Babu alifumba macho. Alichota kwa ncha ya kijiti, akapaka ulimini, akaiacha iyeyuke yenyewe. Kisha akasukutua kwa maji ya mtungi, akangoja. Alingoja sana. Nyuki walishafika, wanatembea kwenye kingo za vikombe, wala hakuwafukuza. Kikombe cha tano alikirudia mara mbili, akakinusa, akakunja uso. "Gome," akasema, taratibu.

Alipatia sita. Cha tano na cha nane alivibadilisha.

Nikapiga hesabu palepale. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya 8 ni 70. Zinazopatia vitatu kati ya vinne vya gome, kama Babu, au vyote vinne, ni 17. Yaani hata anayebahatisha angefika alipofika Babu mara 24 katika kila 100, na mpaka wetu wa kukubali kwamba mtu habahatishi ulikuwa isizidi mara 5. Nikamwambia, mbele ya watu, "Babu, kumbe hujui, unabahatisha." Akafunika ndoo. "Haya, mama," akasema, akaenda zake porini.

Mwalimu aliyenisimamia alizungushia kalamu nyekundu sentensi moja tu ya ripoti yangu. Kushindwa kuikataa nadharia tete ya kwamba mtu anabahatisha si kuithibitisha, alisema. Kisha akauliza: kwa vikombe 8, anayejua kweli anaruhusiwa kukosea mara ngapi? Nikahesabu. Hata mara moja haruhusiwi! Vyote sawa ni 1 katika 70. Akibadilisha viwili tu ameshavuka mpaka. Lakini kwa vikombe 12, sita kwa sita, mtu akikosea vilevile alivyokosea Babu, ni 37 katika 924, asilimia 4. Nilimnyima mzee vikombe vinne.

Nilirudi Sikonge na vikombe 12 kwenye mkoba. Nikamkuta amelazwa, dawa zimemkausha ulimi, hasikii ladha ya kitu chochote. Aliniuliza kama mizinga imeingiwa na nyuki. Mkoba sikuufungua.

Mwanangu nilimjibu kwamba Babu angejua. Nililisema kwa uhakika ambao daftari langu halina.