Pima pointi kwanza, distributa baadaye

Volkswagen Beetle ikianza kumisi, mkono wa mwenye gari hukimbilia distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Anailegeza, anaizungusha kidogo huku na kidogo kule akisikiliza mlio, injini ikitulia anakaza na kuondoka. Nimeona watu wanaojua kazi yao wakifanya hivyo, na bado siafiki. Injini inaweza kutulia vizuri kabisa ikiwa imesimama hapo huku cheche inatoka mapema mno kwa barabarani, na kwenye injini inayopozwa kwa hewa gharama yake ni pistoni.

Langu ni la 1970, injini ya 1600, na distributa iliyomo ni Bosch 009. Namba yake kamili, 0 231 178 009, imegongwa ubavuni. Haina kopo la vakyumu, lile linalowahisha cheche kwa mvuto wa hewa wa injini. Kinachowahisha cheche ni vyuma viwili vidogo vilivyofungwa springi ndani yake: mzunguko ukiongezeka vinatanuka na kuisogeza kemu (ekseli yenye pembe) mbele. Hayo nayasema mapema kwa sababu digrii za taimingi, yaani mahali pistoni ilipo cheche inaporuka, ni za distributa, si za injini peke yake. Kuna injini za 1600 zilizotoka kiwandani na distributa ya vakyumu mbili, na hizo hupimwa digrii 5 baada ya pistoni kufika juu, mipira yake ya vakyumu ikiwa imeunganishwa. Ukiweka namba hiyo kwenye 009, gari halitapanda hata kilima kidogo. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, soma namba ya ubavuni.

Sasa pointi, swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili cheche iruke. Kemu ya distributa ina pembe nne, na kila pembe ikipita chini ya kisigino cha pointi, pointi hufunguka na cheche kuruka. Pointi zikiachana zaidi, kisigino hukutana na pembe mapema, na taimingi inawahi. Zikikaribiana, taimingi inachelewa. Ukiseti taimingi kwanza halafu ukarekebisha pointi, umeifuta kazi yote uliyoifanya. Mimi nazungusha injini mpaka kisigino kikae juu kabisa ya pembe, napitisha fila (bamba jembamba la kupimia) ya milimita 0.4, nakaza skrubu, kisha napima tena, maana skrubu ile hupenda kuvuta pointi wakati inakazwa. Fila iingie kwa kugusa pande zote mbili bila kusukuma mkono wa pointi. Mwisho napitisha kipande cha karatasi safi katikati ya pointi kufuta oili iliyobaki kwenye fila, na kuipaka kemu grisi kidogo, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Ikizidi hapo hurushwa na kuangukia pointi, na moto unaanza kupotea.

Kama distributa ilishatolewa, tafuta pistoni namba moja. Hii ni ya kulia, ile iliyo karibu na mbele ya gari. Toa plagi yake, ziba tundu kwa kidole gumba, na uzungushe injini kufuata mshale wa saa kwa spana ya 21 kwenye nati ya jenereta. Pistoni hupanda mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi, lakini mara moja tu utasikia upepo ukisukuma kidole. Huo ndio upandaji unaoutaka. Endelea taratibu hadi alama ya pule (gurudumu la mkanda la injini) ikutane na mstari ambapo nusu mbili za bloku zimeungana. Pule za zamani zina mikato tofauti kwa kila kipindi na zimebadilishwa sana, kwa hiyo mimi natumia pule iliyochorwa digrii zote.

Chungulia tundu la distributa. Chini utaona mfereji wa ekseli inayoiendesha, nao hauko katikati: upande mmoja ni mwembamba. Wembamba huo uelekee kwenye pule. Katikati ya ekseli kuna springi ndogo, hakikisha ipo. Kama mfereji umeelekea kwingine, ekseli yenyewe iliwekwa vibaya na itabidi itolewe kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu chini yake kuna washa zinazoweza kudumbukia kwenye bloku. Mfereji ukiwa sawa, distributa haiwezi kukosea njia. Shusha huku ukiichezesha rota (kidole kinachozunguka ndani yake) mpaka uisikie imeingia, na ncha ya rota iwe inatazama mkato mdogo uliochongwa kwenye ukingo. Waya wa plagi namba moja unakaa hapo, kisha 4, 3 na 2 kwa mwendo wa saa.

Sasa taimingi yenyewe, na hapa nasisitiza balbu. Balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye terminali 1 ya koili (inayozalisha umeme mkali wa cheche), mwingine kwenye bodi. Zungusha pule hadi digrii 7.5 kabla ya juu, washa swichi, legeza bolti ya klampu, na uzungushe distributa kwa mwendo wa saa mpaka balbu izime. Kisha irudishe polepole, kinyume cha saa. Balbu inapowaka tu, simama: pointi zimefunguka sekunde ileile. Kaza. Rudisha pule nyuma robo mzunguko na uilete tena mbele. Balbu iwake alama ikigusa mstari. Daima malizia kwa kwenda mbele, ili ulegevu wa giya usikudanganye. Na usiache swichi imewashwa huku pointi zimefunga, koili inaungua.

Napenda njia hii kuliko zote kwa sababu unaona kwa macho yako kitu kinachotokea ndani. Lakini taa ya taimingi, inayomulika alama kila cheche inaporuka, bado inahitajika, kwa ajili ya mzunguko wa juu. Pandisha injini zaidi ya 3,000 kwa dakika mpaka alama iache kusogea, na usome: iwe kati ya digrii 28 na 32. Yangu naiacha 30. 009 ikichakaa, 7.5 chini inaweza kuzaa 36 juu, na hapo mimi nafuata namba ya juu bila kubishana, hata kama chini itashuka hadi 1.5. Silinda namba tatu ndiyo ya kuhurumiwa, kwani kwenye injini hizi za kabla ya 1971 kipoza oili kimesimama kwenye njia ya upepo wake. Ikianza kugonga kwa ndani, kelele ya feni inafunika mlio na hutajua mpaka imeumia.

Kuna jambo linalowasumbua wenye 009 na kabureta ya kiwandani: ukikanyaga mafuta ghafla, gari linasita kidogo kabla ya kuondoka. Wengi hulificha kwa kuwahisha taimingi. Kusita huko kunatoka kwenye kukosa vakyumu, na dawa yake iko kwenye pampu ndogo ya kabureta, ukiongeza mafuta inayorusha. Taimingi iache ilipo.

Siku ukitaka kuitoa distributa bila kupoteza ulichokiseti, fungua nati ya 13 inayoshika klampu kwenye bloku, na bolti ya klampu usiiguse, itarudi palepale. Pointi zikiwa mpya, zipime tena baada ya kilomita mia chache, kisigino kikishakaa. Kikilika, nafasi inapungua na cheche inachelewa, kwa hiyo fila kwanza, kisha balbu.