Siku Moja Maishani Mwangu: Maji ya Mwezi na Maji ya Joto

Saa kumi na moja alfajiri. Leo ni bamvua, yale maji makubwa yanayovutwa na mwezi, kwa hiyo nilifika ufukweni Mikindani kabla hata ya kunywa chai, nikiwa na tochi na kijiti chenye alama, ili nione maji yanafika wapi yakijaa kabisa. Kazi yangu ni kubuni maonyesho ya makumbusho, na kwa sasa ninaandaa chumba kimoja kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ambamo mgeni hatasoma maelezo ya ukutani tu, bali atazungusha, atasukuma na kupima kwa mikono yake. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza ninapima nini, na nilipomweleza akatikisa kichwa. “Mwanangu, bamvua imepanda tangu enzi za babu zangu. Huyo mtoto atakayekuja hapo kwako atajuaje yapi ni maji ya mwezi na yapi ni ya hayo mabadiliko yenu?” Sikuwa na jibu.

Saa mbili asubuhi. Katika karakana nilisimama mbele ya kasha langu la kioo, lenye ufuko wa mchanga, vijumba na kisima kidogo, pamoja na mpini mmoja unaopandisha maji. Hapo ndipo nilipoona kosa langu: mpini mmoja unachanganya mambo mawili. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, ilhali kwa hesabu za IPCC, jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kati ya mwaka 1901 na 2018. Kwa kipimo cha kasha langu, mwezi unapewa sentimita 30 na joto linapewa sentimita 2. Sentimita mbili! Nani atapanda basi kutoka Newala aje kutazama sentimita mbili? Nakiri kwamba nilishawishika kuzikuza. Lakini mgeni akigundua kwamba kasha limetia chumvi, hataamini kitu kingine chochote chumbani humo, nami nisingemlaumu. Nikaamua kisima kikae mahali ambapo bamvua peke yake inaishia ukingoni, na zile sentimita 2 zikiongezwa juu yake, maji yanaingia ndani. Bahari haihitaji kupanda sana ili idhuru. Inatosha kupanda kidogo kisha ibebwe na bamvua.

Saa nne na nusu. Fundi seremala alikubali kuweka mipini miwili ya mninga, kwa kuwa chuma huliwa upesi na hewa ya chumvi, na yote iwe chini kiasi cha kufikiwa na mtoto na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mpini wa mwezi unakwenda mbele na kurudi kwa wepesi. Mpini wa joto ni mzito, unakaza skrubu ndefu kidogo kidogo, na fundi akaufunga kwenye gia ya nyuma ya baiskeli kuukuu ili usukume upande mmoja tu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, kwa maana bahari iliyokwisha kupata joto haipoi kwa karne nyingi.

Saa saba. Wali na pweza kwa mama lishe, basi.

Saa nane mchana. Wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la tano walikuja kujaribu meza ya barafu. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo barafu niliomba kwa wauza samaki. Katika beseni moja kipande kinaelea majini. Katika la pili kimewekwa juu ya jiwe. Karibu wote walisema mabeseni yote mawili yatapanda sawa, kisha wakabaki wakibishana walipoona lile la kwanza halijapanda. Binti mmoja akasema, “Inayoelea ilishachukua nafasi yake.” Nimeandika maneno hayo kama yalivyo, yatachukua nafasi ya aya yangu ndefu. Tuliweka pia juani chupa iliyojazwa juisi ya rozela, yenye kizibo na mrija mwembamba, na wakaona juisi ikitanuka kwa joto na kupanda mrijani bila mtu kuongeza tone, kama bahari inavyofanya.

Saa kumi. Ukuta wa vimbunga: Lindi Aprili 1952, Kenneth Aprili 2019, Hidaya Mei 2024. Niliombwa niandike kwamba vyote ni matokeo ya mabadiliko ya tabianchi, nikakataa. Niliandika kwamba bahari yenye joto ni chakula cha kimbunga, na kwamba bahari iliyopanda hukisaidia kusukuma maji mbali zaidi nchi kavu.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Yule mzee alikuja kama alivyoahidi. Alisukuma mpini wa kwanza, akatazama maji yakigusa ukingo wa kisima, kisha akauzungusha wa pili kwa subira hadi maji yakaingia. Akajaribu kuurudisha nyuma. Gia ikalia tikitiki kama baiskeli inayoteremka mlima, na maji hayakushuka.

“Umeharibika,” alisema.

“Umetengenezwa hivyo, mzee.”

Aliinamia kioo kwa muda, kisha akanikosoa kwamba hakuna mtu wa pwani anayechimba kisima mahali peupe namna ile, mbele yake pasiwe na hata mkoko mmoja. Kesho nitapanda mikoko ya vijiti na kupima upya.