Kumbe ile "thou" ya Kiingereza cha zamani sio heshima jamani 😂

Leo jioni kwenye jumuiya nimeombwa nisali, kulikua na wageni wa kizungu basi nikajitutumua, thou thou zangu zote za ile Biblia ya Kiingereza ya 1611 (King James) nikazimwaga, nikijua hapo ndo nimemheshimu Mungu kisawasawa.

Tunakunywa chai, babu mmoja mwalimu mstaafu akanivuta pembeni.
"Mwanangu, unajua thou maana yake ni we?"

Nikaganda na kikombe mkononi.

Kumbe Uingereza ya zamani mkubwa aliitwa you, thou ilikua ya rafiki, mtoto, mtumishi, na kwenye sala. 1603 kwenye kesi ya uhaini ya Walter Raleigh, baharia maarufu wa Kiingereza, mwendesha mashtaka Edward Coke alimtupia thou makusudi amshushe, mbele ya mahakama nzima!

Yaani ni ile "we!" ambayo nikimwambia mama yangu hata na umri huu nakula kandambili.

Ila njiani nikawaza, mbona kiswahili tunasali "Wewe Bwana" kila siku na hakuna anaeshtuka?

Nyie mlikua mnajua hii au ni mimi tu?