Banda langu na masika

Leo nimeshinda kwenye banda langu la useremala hapa Tabata. Masika yaliyopita maji yaliingia kwa chini, mbao za mninga zikakaa na unyevu wiki nzima, zikapinda. Iliniuma sana, mteja alishalipa nusu.

Safari hii sisubiri. Mbao zote nimezipandisha juu ya matofali, na kati ya ubao na ubao nimeweka vijiti ili hewa ipite. Bati nalo limechoka. Ukisimama ndani saa sita mchana unaona vidoti vya jua sakafuni, na kila kidoti ni tundu la msumari litakalovuja. Nimeziba yote kwa lami. Mtaro wa nyuma tumeuzibua na jirani. Soketi ya chini fundi umeme kaipandisha. Umeme na maji sichezi navyo.

Patasi nimezisugua kutu, nikazipaka oili, nikazifunga kwenye kitambaa. Aliniachia marehemu baba. Mpini wa moja umebonyea pale alipokuwa anaweka kidole gumba.

Machi ndiyo hiyo inaingia. Wenye mabanda, kagueni bati zenu kabla wingu halijafunga.