Vitabu vya wanangu vilivyokuwa vinanitia hasara

Naishi Minneapolis, na huuza kwenye mnada wa mtandaoni vitabu ambavyo wanangu wameshavipita umri. Fungu la kwanza lilipata dola 4. Posta nilikuwa nimekisia dola 5, nikamtoza mnunuzi hizo. Dirishani nikaambiwa 11, maana mnunuzi yuko California na kifurushi cha kawaida hutozwa kwa uzito na umbali. Kumbe na kamisheni ya mtandao hukatwa kwenye jumla yote, pesa ya posta ikiwemo! Yaani nilimlipa mtu achukue vitabu vyangu.

Dawa ilikuwa Media Mail, huduma ya Posta ya Marekani kwa vitabu na rekodi za sauti. Hapo unalipia uzito tu. California au mtaa wa pili, bei ni ile ile. Inachelewa kidogo, na posta wana ruhusa ya kukifungua kifurushi, kwa hiyo usichomeke mwanasesere humo. Sasa napima kwa mizani ya jikoni kabla ya kutangaza, boksi na selotepu vikiwa juu. Bei ya kuanzia nimeipandisha, na vikorombwezo vya kulipia kwenye tangazo nimeachana navyo. Fungu la juzi limeniachia dola 9.