Siku Moja Maishani Mwangu: Kusoma Kumbukumbu za Seva za Saa, Mombasa

Saa moja asubuhi. Kabla jua halijawa kali, ninafungua kumbukumbu za matukio za seva za saa ninazozihudumia kisiwani Mombasa, na ng'ambo yake Nyali na Likoni. Kila seva hupokea wakati kutoka setilaiti za GPS kupitia antena iliyo juu ya paa, kisha huusambaza kwa mitambo ya mawasiliano, ambayo baadhi yake haivumilii tofauti inayozidi maikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni za sekunde. Setilaiti zikipotea, seva hujitegemea kwa fuwele yake ya kwazi (quartz), na wakati wake huanza kuteleza taratibu. Kwa hiyo hata onyo lililojifuta lenyewe usiku halistahili kupuuzwa.

Saa mbili na nusu. Seva ya Likoni imepoteza setilaiti zote kwa sekunde ileile, na safu ya mkondo wa umeme wa antena inaonyesha sufuri. Antena hupelekewa umeme kupitia kebo ileile inayoteremsha mawimbi, kwa hiyo hitilafu ya namna hii iko kwenye waya, wala si angani. Fundi mwenzangu aliye ng'ambo anapanda juu na kunitumia picha: pini ya katikati ya konekta, yaani kiungio cha kebo, imeliwa na chumvi ya bahari, imezungukwa na unga wa kijani, na utepe uliopaswa kuzuia unyevu umepasuka. Anafunga konekta mpya na setilaiti zinarudi.

Saa nne. Kituo kimoja cha kisiwani ndicho kinachonishughulisha zaidi. Kila siku hutoa onyo kwamba setilaiti zimepungua chini ya nne, hali hiyo hudumu kitambo, kisha hutoweka. Wenzangu wameshuku redio za meli za bandari ya Kilindini, na dhana hiyo si mbaya, kwani mawimbi ya GPS hufika ardhini yakiwa dhaifu mno. Lakini ninapozipanga saa za maonyo, baada ya kuongeza saa tatu kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa inayotumiwa na kumbukumbu hizo, ili kupata saa za hapa, ninaona kwamba kila siku onyo hutangulia lile la jana kwa takriban dakika nne, hata katika wiki mbili limesogea karibu saa nzima. Shughuli za binadamu hazina mwendo huo. Winchi na redio hufuata zamu za kazi. Setilaiti za GPS ndizo zenye mwendo huo: huizunguka dunia mara mbili kwa muda wa takriban saa 23 na dakika 56, kisha hurudi mahali palepale angani. Pana kitu kinachoziba sehemu ya anga, na setilaiti zikishaingia nyuma yake, maonyo huanza.

Saa saba. Swala, chakula, kisha barabarani.

Saa nane. Namkuta msimamizi wa jengo mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ni ile antena tena?”

“Ndiyo. Huko juu kumeongezwa chochote?”

“Tangi tu, baada ya Idi. Maji ya mfereji yalikuwa hayapandi.”

Tangi hilo jeusi limesimama upande wa magharibi wa antena, karibu nayo kabisa, na mashariki kuna ukuta wa chumba cha ngazi. Antena imebakiwa na ufa mwembamba wa anga. Hakuna aliyekosea kuleta maji. Antena ndiyo inayopaswa kuhama.

Saa kumi. Naandika ombi la mlingoti utakaoipandisha antena juu ya tangi, pamoja na jedwali la zile dakika nne, ili asije mtu akanunua kipokezi kipya bila sababu. Antena ikishahamishwa, seva ipewe nafasi ya kupima upya mahali ilipo, maana wakati sahihi hutegemea nafasi sahihi: kosa la sentimita 30, umbali ambao mawimbi husafiri kwa nanosekunde moja (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), ni sawa na kosa la nanosekunde hiyo moja.

Saa mbili na nusu usiku. Vituo kadhaa vinaonyesha nguvu ya mawimbi ikipanda na kushuka, kwa baadhi ya setilaiti tu, na mikondo ya antena yote ni ya kawaida. Hii ni ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, ambayo katika maeneo ya ikweta huchafuka baada ya jua kutua, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba. Naandika sababu hiyo kando ya maonyo, na simtumi fundi yeyote paani.