Siku moja maishani mwangu: kocha wa kuogelea, Dar es Salaam

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Watu hudhani kazi yangu ni kukaa kivulini na filimbi shingoni. Kazi huanza na kupima maji: klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. pH ikizidi hapo klorini hupungua nguvu. Na ile harufu kali ambayo watu husema "maji yana dawa" ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mikojo. Ndiyo maana sikubali mtu aingie bila kuoga.

Saa kumi na mbili, watu wa ofisini. Mita 200 za kupasha mwili, mita 25 mara nane na mapumziko ya sekunde 30 kila baada ya moja, wanawahi foleni.

Saa mbili na ishirini ndipo anafika mteja wa saa mbili. Kifua kipana, kaptura ya pamba itakayonyonya maji na kumvuta chini. "Kocha, mimi nakimbia kilometa 10, pumzi siyo tatizo." Anachapa maji mita 15, anadaka ukingo, anahema. "Kocha, haya maji yako mazito."

Mapafu yake ni mazima. Anachokosea ni kuvuta hewa akaibana, uso ukiwa majini. Kabonidayoksaidi inarundikana, na hiyo ndiyo inayoleta mhaho wa kutaka kupumua, hata kama oksijeni bado ipo. Akitoa uso nje anatakiwa atoe hewa na kuvuta nyingine kwa sekunde moja ile ile, anaambulia nusu. Tena anainua kichwa mbele badala ya kukigeuza pembeni. Kichwa kikipanda, nyonga na miguu vinazama, na kila mita inakuwa mlima.

Basi turudi kina kifupi. Shika ukingo, uso majini, toa mapovu puani na mdomoni taratibu ukihesabu mpaka nne. Geuza uso, sikio moja libaki majini, vuta kwa mdomo, rudi. Mara 20. Anasema haya ni mambo ya watoto. Anayarudia. Anatazama saa. Kisha ubao wa kuelea, mkono mmoja mbele, na akigeuka kuvuta hewa kioo kimoja cha miwani kibaki majini. Apumue kila baada ya kupiga mikono miwili; mitatu, ya kubadilisha pande, itakuja baadaye.

Nikigeuka kidogo, anahema harakaharaka apate kukaa chini ya maji muda mrefu. Hapo sina mjadala: "Kaka, toka majini." Kuhema hivyo kunapunguza kabonidayoksaidi, hamu ya kupumua inachelewa, oksijeni inaisha, mtu anazimia chini kimya kimya.

Baada yake watoto, kina mama, chakula kilichopoa, watoto tena. Sauti imekauka. Mwingine analalamika saa yake ya mkononi inaonyesha mapigo machache kuliko akikimbia. Ni kawaida, majini mapigo hushuka. Apime juhudi yake kwa maneno: akigusa ukingo, ndani ya sekunde 20 aweze kusema sentensi nzima.

Usiku ujumbe unaingia. Yule wa kilometa 10 anauliza kama kesho ataanza na mita 100. Namjibu: ukingo, mapovu, mara 20. Na ununue kaptura ya kuogelea.